Ganda Linalojengwa Usiku

Watu humsifu nyuki kwa masega na buibui kwa utando wake. Kuku wamemwacha, labda kwa sababu kazi yake tunaivunja kwenye ukingo wa bakuli kabla hatujaitazama. Kwangu mimi, mtetea anawapita wote wawili.

Kazi yenyewe haina pupa. Kiini kikishatoka kwenye ovari, hupata ute kwa saa chache, kisha tando mbili nyembamba. Baada ya hapo yai huingia kwenye mfuko wa ganda na kukaa humo kama saa 20, nyingi zikiwa za usiku, kuku mwenyewe akiwa amelala juu ya kichanja. Kwenye utando wa nje kuna nukta nyingi za protini. Fuwele za kaboneti ya kalsiamu huanzia hapo, zikatanuka hadi zikagusana. Zikikosa nafasi ya pembeni huelekea nje tu, zikawa nguzo zilizobanana kama mawe ya ukuta uliojengwa na mwashi asiyetaka kuona mwanya. Hata hivyo vinyweleo kwa maelfu huachwa makusudi, ili kifaranga apumue. Mwisho hupakwa ngozi nyembamba mno ya kuzuia vijidudu. Unene wote huo ni kama theluthi moja ya milimita, na mama ataukalia kwa siku 21.

Ganda moja hula gramu 2 hivi za kalsiamu, wakati damu yote ya kuku kwa wakati mmoja hubeba miligramu 30 tu au pungufu. Kwa hiyo damu hujazwa na kumwagwa tena na tena usiku kucha. Chakula cha tumboni kikishaisha, kuku huchota akiba ndani ya mifupa yake mwenyewe, kwenye mfupa laini unaoota humo pale anapokaribia kutaga.

Lakini kalsiamu peke yake ingetoa chaki. Zinazoelekeza fuwele ni protini, na kila protini ina jeni yake. Mwaka 2009 watafiti waliochunguza kuku wa Rhode Island Red walionyesha kwamba tofauti ndogo ndani ya jeni hizo huendana na tofauti za ganda: ovokleidini-116 na unene wa ganda na umbo la yai, ovokaliksini-32 na tabaka la chini ambako nguzo huanzia. Hakuna jeni moja ya ganda gumu. Ni mikono mingi, kila mmoja ukiongeza au kupunguza kidogo.

Rangi ni habari nyingine. Kuku wa Araucana wa Chile hutaga mayai ya buluu, na mwaka 1933 Reginald Punnett wa Uingereza alithibitisha kwamba buluu hiyo ni ya jeni moja tu, tena yenye nguvu: ikitoka kwa mzazi mmoja inatosha. Chanzo chake kilijulikana mwaka 2013. Kirusi cha kale kilijipachika kwenye kromosomu ya 1, jirani na jeni iitwayo SLCO1B3 ambayo kwa kawaida hufanya kazi kwenye ini. Jeni hiyo ikaamka kwenye mfuko wa ganda, na rangi ya nyongo ikaanza kupita kuingia kwenye ganda. Kuku wa Dongxiang wa China wana ajali hiyo hiyo, ila kirusi kilitua mahali tofauti kidogo; yaani ilitokea mara mbili, mbali kabisa. Vunja yai la buluu uone: ni buluu hadi ndani. La kahawia hupakwa rangi mwishoni, ndani likabaki jeupe. Rangi hizo hazikuambii lolote kuhusu uimara, hata muuzaji akiapa.

Uimara husikika zaidi kuliko kuonekana. Gonganisha mayai mawili taratibu: zima hulia, lenye ufa hutoa sauti butu. Huko Leuven, Ubelgiji, wataalamu waligeuza sikio hilo kuwa mashine, yenye kinyundo kidogo na kipaza sauti, inayopima ukakamavu wa ganda bila kulivunja. Kipimo hicho kimeonyesha kwamba karibu nusu ya tofauti kati ya kuku na kuku hurithiwa, ndiyo maana wazalishaji wa mbegu huchagua koo zao kwa mlio wa mayai.

Nusu nyingine iko mikononi mwa mfugaji. Katika joto la Dar es Salaam au Mombasa kuku huhema sana, hewa ya kaboni ikamtoka, na malighafi ya kaboneti ikapungua. Kuku akizeeka yai hukua lakini ganda haliongezeki kwa kiasi hicho. Basi maganda yakianza kulainika, usikimbilie kulaumu mbegu. Angalia kwanza chokaa au makombe ya jioni, hewa ya banda, umri wa kundi, na kama chanjo ya kideri haijapitwa na wakati.