Mwendo, Ufunguo na Hali ya Moyo katika Rekodi ya Szigeti na Bartók ya Sonata ya Kreutzer (1940): Uhakiki kwa Sikio la Machame

Katika ufundishaji wa kwaya zimezoeleka kanuni mbili. Ya kwanza hudai kuwa ufunguo wa meja huleta furaha na ufunguo wa maina huleta huzuni. Ya pili hudai kuwa mwendo wa taratibu ndio wa ibada, ilhali mwendo wa haraka ni wa ngoma na sherehe. Uhakiki huu unazipima kanuni hizo kwa rekodi moja: Sonata Na. 9 ya fidla na piano, Opus 47, ya Ludwig van Beethoven, iliyopigwa na Joseph Szigeti (fidla) na Béla Bartók (piano) katika Maktaba ya Bunge la Marekani, Washington, tarehe 13 Aprili 1940. Sikio linalochukuliwa kuwa kipimo ni la msikilizaji aliyelelewa katika uimbaji wa Kilutheri wa Machame, mkoani Kilimanjaro.

Uteuzi wa sikio hilo una sababu. Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, na pamoja na mafundisho yao zilikuja nyimbo za Kijerumani za sauti nne, zenye noti ndefu na hatua zinazokaribiana. Hadi leo uimbaji huo, pamoja na matarumbeta yanayousindikiza, ni sehemu ya ibada na ya mazishi. Hapo hapo kanuni ya kwanza inaanza kuyumba. Wimbo “Kaa Nami”, ambao mahadhi yake yalitungwa na William Henry Monk mwaka 1861, umo katika ufunguo wa meja, na bado waombolezaji huuimba kaburini bila kuuona kuwa wa furaha. Msikilizaji wa Machame, basi, anaujua ukweli ambao kanuni ya darasani inamficha.

Sonata yenyewe ilipigwa kwa mara ya kwanza mjini Vienna tarehe 24 Mei 1803. Beethoven alikuwa kwenye piano, na fidla ilipigwa na George Bridgetower, mpiga fidla mwenye asili ya Kiafrika kwa upande wa baba. Baadaye wawili hao walikosana, na ilipochapishwa mwaka 1805 kazi hiyo ilitunukiwa Rodolphe Kreutzer, ambaye jina lake ndilo linalojulikana hadi leo.

Sehemu ya kwanza inaanza kwa Adagio, yaani taratibu. Fidla inasikika peke yake katika A meja, ikipiga noti kadhaa kwa pamoja kama sauti za kwaya. Piano inajibu kwa maneno yale yale, lakini jibu lake linaelekea maina. Kisha yanafuata mapigo ya Presto, yaani haraka sana, katika A maina. Hapa maina haileti huzuni. Kinachosikika ni mshindano wa ala mbili, hamaki na kutotulia, hali ambayo Leo Tolstoy aliifanya kiini cha novela yake ya mwaka 1889 yenye jina la sonata hii. Ufunguo ule ule ukipigwa taratibu ungeweza kuwa kilio.

Ushahidi mzito zaidi umo katikati ya Presto hiyo. Ghafla fidla inaleta wimbo mtulivu katika E meja, unaofanana kabisa na nyimbo za kitabu cha ibada: noti ndefu, hatua fupi, sauti zinazosogea pamoja. Mtunzi hakuandika mabadiliko ya mwendo mahali hapo. Mapigo yanayohesabiwa ni yale yale ya haraka. Utulivu unatokana na urefu wa noti. Piano inapoupokea wimbo huo, unageukia E maina, na baada ya Adagio fupi vurugu inarejea. Hivyo kuna mwendo wa mapigo na kuna mwendo unaohisiwa, na si lazima viwili hivyo vilingane.

Szigeti na Bartók wanaulegeza mwendo wanapoufikia wimbo huu. Kwa hoja ya uhakiki huu, hilo linaweza kuhesabiwa kuwa upungufu, kwa kuwa wanaongeza utulivu ambao noti zenyewe zimekwisha kuutoa. Hata hivyo, ulegezaji wao haugeuki kuwa uzito. Bartók, aliyetumia miaka mingi kukusanya nyimbo za wanavijiji, zikiwemo za Biskra nchini Algeria mwaka 1913, anaipiga piano kwa namna ya mtu anayesema. Sauti ya Szigeti ni nyembamba na kali, nayo haibembelezi. Mikwaruzo ya santuri za wakati ule haifichi ubora huo.

Isidhaniwe kwamba ufunguo hauna kazi. Katika sehemu ya pili, yenye wimbo wa F meja na vibadala vyake, kibadala cha tatu kimo katika F maina, na kivuli chake kinasikika mara moja. Kinasikika kwa sababu msingi wa wimbo umebaki ule ule, na ni ufunguo uliogeuka. Kwa hiyo ufunguo huipa hali rangi, lakini hauiumbi peke yake.

Matokeo ya uchunguzi huu yanagusa mabishano yanayojirudia katika sharika: je, kwaya inayoimba kwa mapigo ya haraka inaikosea ibada heshima? Rekodi hii inaonesha kuwa swali hilo halijibiwi kwa kuhesabu mapigo. Linalopaswa kuulizwa ni kama noti zimepewa urefu unaoliwezesha neno kusikika, na kama sauti zinasogea pamoja. Kwaya inaweza kuimba taratibu ikakosa utulivu. Inaweza pia kuimba kwa haraka bila kuupoteza.