Theluji ya Zojoji

Mwaka 1925 Kawase Hasui, mchoraji Mjapani wa picha zinazochapwa kwa mbao za kuchongwa, alichora lango la hekalu la Zojoji, mtaa wa Shiba, jijini Tokyo. Theluji inaanguka kwa mshazari, msonobari umelemewa, na mwanamke mmoja anapita mbele ya lango akijikinga upepo kwa mwavuli. Wengi huvutwa na wekundu wa lango. Mimi kinachonishika ni theluji.

Weupe ule ni karatasi yenyewe, iliyoachwa bila kuguswa. Ili chembe moja ya theluji ionekane mbele ya ukuta mwekundu, mchongaji hufukua kishimo kwenye ubao, mahali palepale, rangi isifike. Na kwa kuwa kila rangi huhitaji ubao, kishimo hicho hurudiwa kwenye kila ubao ambao rangi yake ingepita hapo. Kikihama kidogo tu, chembe inachafuka ukingoni. Sasa hesabu chembe zilizoko pale, kubwa na ndogo, zote zikifuata upepo mmoja!

Hasui mwenyewe hakuchonga wala hakuchapa. Mchapishaji Watanabe Shozaburo ndiye aliyewakutanisha mchoraji, mchongaji na mchapaji, kila mmoja na ufundi wake. Mchoro wa mistari huwekwa kwenye karatasi nyembamba, ukabandikwa kifudifudi juu ya ubao wa mcheri, mti mgumu usiomeguka ovyo. Kisha kisu hupita juu yake, na mchoro huangamia kadiri ubao unavyochongwa. Nauheshimu sana moyo wa mchoraji anayekubali hilo.

Mchapaji naye hana mashine. Hupaka rangi ya maji kwa brashi, hulaza karatasi yenye unyevu, iliyotengenezwa kwa magome ya mti wa jamii ya mforosadi, kisha husugua mgongo wake kwa bareni, kisahani kilichofunikwa ganda la mwanzi. Anga inayofifia taratibu kutoka kijivu kizito hadi chepesi haikuchongwa popote. Ni mkono wake uliopangusa rangi ubaoni, na kwa kila nakala huifanya upya.

Tetemeko la ardhi la 1923 lilikuwa limeteketeza duka la Watanabe, mbao zake na vitabu vya michoro vya Hasui. Lango hili jekundu lilikuja miaka miwili tu baadaye, na sioni humo hata mstari mmoja wa pupa.

Mwaka 1953, kwa agizo la kamati ya serikali ya kuhifadhi urithi wa utamaduni, Hasui aliichora tena theluji ya Zojoji ili kazi nzima iwekwe kwenye kumbukumbu hatua kwa hatua. Uchapaji ulipita mara 42. Kila mara karatasi ilipaswa kukaa sawasawa kwenye kento, alama mbili zilizochongwa pembeni mwa ubao, ikiwa na unyevu uleule wa mwanzo, maana ikikauka hunywea, na vishimo havikutani tena.