Kitabu cha Ubatizo na Ukoo Wetu

Wako watu wanaokwenda kwa paroko, si kuomba cheti cha ndoa, bali kutafuta babu zao katika kitabu cha ubatizo. Jambo hili ni jema. Lakini kitabu hiki, kama kitabu kingine chochote, chataka msomaji anayejua kiliandikwa kwa ajili gani. Basi yafaa tukipime, tuseme wazi sifa zake na upungufu wake, na tukiweke kando ya kitabu kingine cha mji wetu kilichoandikwa kwa nia tofauti.

Desturi yenyewe ni ya zamani. Huko Uingereza, mwaka 1538, Thomas Cromwell, waziri wa mfalme Henry wa Nane, aliamuru kila parokia iandike ubatizo, ndoa na maziko. Kwetu Wakatoliki, Mtaguso wa Trento ulitilia nguvu vitabu vya ubatizo na ndoa mwaka 1563. Waingereza wanaotafuta ukoo wao hurudi nyuma katika vitabu hivyo, mtoto kwa baba, baba kwa babu, na wengine hufika miaka mia nne. Tangu 1813 vitabu vyao vya ubatizo huonyesha hata kazi ya baba.

Sisi hatuna urefu huo. Mji wetu ulianza mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville, na mwaka ule ule Wabenediktini wakiongozwa na Jean-Félix de Hemptinne walifika Katanga. Mwenye asili ya kandokando ya ziwa Tanganyika aweza kwenda mbali zaidi kidogo, kwani Mapadri Weupe walishika misioni ya Mpala tangu 1885.

Sifa ya kwanza ya kitabu cha ubatizo ni uaminifu wa siku. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliagiza yaandikwe majina ya mbatizwa, ya wazazi, ya msimamizi na ya padri, pamoja na mahali na tarehe. Sifa ya pili iko pembeni mwa ukurasa, nayo wengi huipita bila kuiona. Hapo huongezwa kipaimara na ndoa, hata kama ndoa ilifungwa parokia nyingine. Kwa maneno hayo machache waweza kumfuata kijana kutoka misioni ya kijijini mpaka kampi ya wafanyakazi mjini, na kujua alimwoa nani.

Sasa upungufu. Majina yaliandikwa kwa sikio la mgeni na kwa Kilatini. Petro wenu atakuwa Petrus, na Yohane atakuwa Joannes. Jina la nyumbani nalo hubadilika kwa mkono wa mwandishi: Mwamba hapa, Muamba pale, Chombe hapa, Tshombe pale. Asiyejua hayo atadhani amepata watu wawili, kumbe ni mmoja. Tena, kwa mtu aliyebatizwa akiwa mkubwa, siku ya ubatizo ni hakika, lakini mwaka wa kuzaliwa mara nyingi ni wa kukisia.

Upungufu mkubwa zaidi ni huu: kitabu chauliza baba na mama tu. Kwa Walamba, wenye nchi hii, na kwa Wabemba na Watabwa, ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Mjomba hana nafasi katika mstari ule. Hivyo kitabu kinasema kweli, lakini hakisemi lile ambalo jamaa yako huliita ukoo. Tena mwaka 1972, serikali ya Mobutu ilipokataza majina ya Kikristu, watu wengi walipata jina moja katika karatasi za serikali na jingine katika kitabu cha parokia. Mjukuu asiyeambiwa habari hii atatafuta bure.

Kando ya kitabu hiki twaweka kile kiitwacho Vocabulaire de ville de Elisabethville, alichokiandika André Yav mwaka 1965 kwa niaba ya wafanyakazi wa zamani wa nyumbani. Mwaka 1990 Johannes Fabian alikichapisha tena pamoja na maelezo. Kimeandikwa kwa Kiswahili cha mjini, na wapo watakaokicheka kwa sababu hiyo. Wasicheke. Kinasimulia habari za Msiri, kuja kwa Wazungu, na taabu ya waliopika na kufua katika nyumba za watu. Miaka yake haiaminiki daima. Hapo kitabu cha ubatizo chakishinda. Lakini kinajua watu waliishi namna gani, na jambo hilo padri mwandishi hakuulizwa.

Tuchukue mfano. Mtu akikuta katika kitabu cha wafu kwamba babu yake alizikwa Disemba 1941, ana siku tu. Ni lazima mzee amwambie kwamba mwezi ule wafanyakazi wa Union Minière waligoma na askari wakawapiga risasi. Ndipo aanze kuuliza kama babu yake alikuwa miongoni mwao. Karatasi humpa swali, na mzee humsaidia kutafuta jibu. Kwa hiyo anza kwa wazee, kwani wao hawatakungoja kama karatasi.

Neno la mwisho ni zito. Miaka ya 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai, wengi wao wazaliwa wa Katanga, walifukuzwa makwao, hasa Likasi na Kolwezi, kwa swali moja: wewe ni wa wapi? Atakayefungua kitabu cha ubatizo ili apate silaha ya swali hilo, hakujifunza kukisoma. Kitabu kile hakipangi watu kwa kabila. Chawapanga kwa siku waliyoletwa kwenye maji. Mtoto wa Mlamba hufuatwa na mtoto wa Mluba, naye na mtoto wa mtu aliyetoka Rwanda kutafuta kazi, kila mmoja na nambari yake. Atafutaye babu yake asome pia mstari wa juu na mstari wa chini. Hao walikuwa jirani zake.