Sijjil, Mishkat na Qistas: Tusihukumu Bila ya Elimu



Katika darsa zetu, hasa tafsiri zinaposomwa mwezi wa Ramadhani, huzuka mvutano juu ya maneno machache ya Qur'ani ambayo baadhi ya wanavyuoni wamesema asili yake si Kiarabu. Mmoja husema "sijjil" limetoka kwa Waajemi. Mwingine humjibu kuwa asemaye hivyo ameikadhibisha Qur'ani, kwani Allah ameiita Qur'ani ya Kiarabu. Jawabu hii ni nzito mno, na mwenye kuitoa hajui inawaangukia kina nani. Zimepokewa riwaya kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.), na kwa Mujahid, Ikrima na Said bin Jubair, zinazoyanasibisha baadhi ya maneno na Kihabeshi, Kiajemi na lugha nyinginezo. Imamu Suyuti (aliyefariki 911 H), naye ni Shafii, ameyataja zaidi ya 100 katika al-Itqan.

Ni kweli kuwa Imamu Shafii (aliyefariki 204 H) aliipinga kauli hiyo katika ar-Risala. Lakini tusome alichosema. Hoja yake ni kuwa lugha ya Waarabu ni pana, haizunguki yote ila Nabii. Basi neno usilolijua wewe halilazimiki kuwa la kigeni. Juu ya msingi huo akajenga wajibu wa kila Mwislamu kujifunza Kiarabu kadiri ya uwezo wake. Aliyesema kinyume hakumkufurisha. Alisema tu kuwa kunyamaza kungelikuwa bora kwake.

Kisha akaja Abu Ubaid al-Qasim bin Sallam (aliyefariki 224 H) akazisadikisha pande zote mbili: asili ya maneno hayo ni ya kigeni, lakini Waarabu waliyachukua wakayatamka kwa ulimi wao mpaka yakawa Kiarabu, ndipo Qur'ani ikateremka. Sisi Waswahili ndio tungelifahamu hili upesi kuliko wengine. Meza tumeipata kwa Wareno, shule kwa Wajerumani. Kitabu ni cha Waarabu, na tumekifanyia wingi "vitabu" kana kwamba hiyo ki- ni yetu tangu hapo. Nani atasema kitabu si Kiswahili?

Tuitazame sijjil. Wenye kuirejesha kwa Waajemi wanasema ni "sang" na "gil", yaani jiwe na udongo. Herufi g haimo katika Kiarabu fasaha, kwa hiyo ikageuka jim. Neno limo katika Suratul Fil aya ya 4, na katika Suratu Hud aya ya 82 juu ya watu wa Lut (A.S.). Na kisa hicho hicho kinaporudi katika Adh-Dhariyat aya ya 33, mawe yale yanaelezwa kuwa ni ya udongo. Qur'ani imejifasiri yenyewe, na asiyekubali asili ya Kiajemi hapungukiwi na maana hata kidogo. Sasa ugomvi wa nini?

Mishkat (Suratun Nur aya ya 35) imesemwa kuwa ni ya Kihabeshi: tundu ya ukutani isiyotokea upande wa pili. Tarjuma za Kiswahili zimetumia "shubaka", na wapo wanafunzi wanaoliona kuwa ni kosa, kwa sababu shubbak ya Kiarabu ni dirisha. Kosa ni lao. Shubaka la Kiswahili ni hiyo hiyo nafasi ya ukutani ya kuwekea taa. Neno likishahama mji, maana yake haiulizwi tena kule lilikotoka.

Qistas, yaani mizani, Mujahid amesema ni neno la Kirumi lenye maana ya uadilifu. Hafs, ambaye tunasoma kwa riwaya yake, na Hamza na al-Kisai wanasoma kwa kasra. Nafi, Ibn Kathir, Abu Amr na Ibn Amir wanasoma "qustas" kwa dhumma. Zote ni Qur'ani. Anayemsikia msomaji akisema qustas asikimbilie kumrudi mbele ya watu.

Lakini elimu ya asili ya neno haimpi mtu ruhusa ya kulirudisha kwenye matamshi yake ya kwanza. Atakayesoma "sang gil" hakusoma Qur'ani, na wala asiifanye hoja ya kusalia kwa Kiswahili. Imamu Nawawi ameeleza katika al-Majmu kuwa kwa madhehebu yetu haijuzu kuisoma Qur'ani kwa lugha isiyokuwa ya Waarabu, mtu awe anaiweza au haiwezi, ndani ya Sala au nje yake.

Wallahu a'alam.