Tanuki: Jinsi Bonsai Iliyokufa Inavyorudishwa Kazini

Mreteni ni mti unaochelewa kutangaza kifo chake. Mizizi huwa imeshakwisha, lakini majani yakabaki ya kijani wiki kadhaa, na mwenye mti anaposhtuka hana tena la kuokoa. Kwa bonsai, yaani mti unaokuzwa ukiwa mdogo chunguni, kinachobaki ni gogo lenye mikunjo iliyotengenezwa kwa miongo ya kupogoa na kufunga waya. Kulifanya kuni ni hasara kubwa. Mafundi wa Japani wana njia yao: hulipandishia mti mchanga ulio hai. Kazi hiyo huitwa tanuki.

Mbao ndiyo inayoamua. Mreteni ni mgumu na una mafuta yanayozuia kuoza. Ni wa jenasi moja na mtarakwa wa nyanda za juu za Kenya, ambao nguzo zake za ua hudumu miaka mingi ardhini. Hata hivyo, sehemu inayogusa udongo wenye unyevu haiachwi hivihivi. Hunyweshwa dawa ya kugumisha mbao, au gogo huegemezwa juu ya jiwe.

Gogo likishakauka na kumenywa magome, fundi huchonga mfuo upande wa nyuma kuanzia chini kwenda juu, akifuata mzunguko wa nyuzi za mbao. Hapa ndipo ustadi unapoonekana. Ndani ya mfuo hupanuliwa kidogo kuliko mdomo wake. Mche mwembamba unaopindika bila kuvunjika hulazwa humo, ukashikiliwa kwa skrubu za chuma kisichoshika kutu na kufungwa kwa utepe wa mpira.

Wengi hudhani miti hiyo miwili huungana kama katika upandikizaji wa miembe. La hasha! Gogo lililokufa halina tishu hai ya kuungana na chochote. Kinachofanya kazi ni unene: shina changa hutanuka, hujaza mfuo, kisha hujibana lenyewe kwa sababu mdomo ni mwembamba kuliko tumbo. Ndiyo maana mche huachwa ukue ovyo miaka ya mwanzo, bila kupogolewa sana, kwani wingi wa majani ndio unaonenepesha shina. Anayekimbilia kuupa umbo mapema huishia na uzi wa kijani uliobandikwa kwenye gogo.

Mbao iliyo wazi hupakwa mchanganyiko wa chokaa na salfa, kimiminika cha manjano chenye harufu ya mayai viza. Kikikauka juani huwa cheupe. Tone la wino mweusi hukipunguzia ung'avu, gogo likafanana na lililopigwa na upepo mlimani. Udongo hufunikwa kwanza ili dawa isifike mizizini.

Wapo wakongwe wa bonsai wanaoiona tanuki kama udanganyifu. Hoja yao ina uzito pale tu muuzaji anapodai mti ni mzee wa porini. Akisema ukweli, hiyo ni sanaa kamili, na ngumu.

Asiye na subira ya miaka anaweza kuliacha gogo kavu na kulifungia mimea ya tilandsia, ambayo hunywa maji kwa majani na kutumia mizizi kushikilia tu. Asitumie waya wa shaba aliokuwa akifungia bonsai: shaba huiua mimea hiyo. Uzi wa kuvulia samaki unatosha.