LUGHA NA KUMBUKUMBU KATIKA RIWAYA YA AITMATOV

Chingiz Aitmatov, Mkirigizi aliyezaliwa mwaka 1928 na kufariki mwaka 2008, alianza kuandika kwa Kikirigizi, kisha akaandika kwa Kirusi pia. Riwaya yake juu ya siku ipitayo urefu wa karne ilitoka mwaka 1980, kwa Kirusi; na kilio chake kikubwa ni mtu kusahau asili yake. Hapo pana fumbo lisilofaa kupitwa upesi.

Kiini cha kitabu ni hekaya ya mankurti. Mateka huvikwa kichwani ngozi mbichi ya ngamia, akaachwa juani hata ikauke na kumbana. Asipokufa, huwa mtumwa asiyejua jina lake wala la babaye. Mama amwendea mwanawe ili amkumbushe, naye mwana amuua kwa mshale.

Sambamba na hekaya hiyo pana tukio dogo. Edigei, mzee wa kazi za reli katika nyika ya Kazakistani, ampeleka rafiki yake marehemu Kazangap makaburini kwa wahenga, akakuta njia imezibwa kwa uzio wa kituo cha kurushia vyombo vya angani. Ofisa wa zamu ni Mkazaki. Edigei afurahi, amsemesha kwa Kikazaki. Ofisa amtaka aseme Kirusi, kwani yumo kazini.

Tukio hili lapita hekaya kwa nguvu. Mankurti alinyang'anywa kumbukumbu. Ofisa lugha anayo, ila aikataa mbele ya mzee mwenye maiti. Wala kosa si la Kirusi, maana Edigei mwenyewe akijua na hakitukani. Walakini ipo kasoro: kwa kuwa mazungumzo yote yameandikwa kwa Kirusi, Kikazaki hakisikiki, na msomaji hana budi kuambiwa kwamba kimesemwa. Pigo lapungua uzito.

Katika miaka ya mwisho ya dola ya Kisovieti neno mankurti likawa tusi kwa waliopotewa na lugha ya mama. Kirgizistani ilikifanya Kikirigizi lugha ya taifa mwaka 1989, na mwaka 2000 ikakipa Kirusi hadhi ya lugha rasmi. Lakini tusi hilo lakosa shabaha. Aliyelelewa mjini kwa Kirusi hakuwakana wazee wake. Na kitabu chenyewe, kilichowalilia wahenga kwa Kirusi, ndicho shahidi wake wa kwanza.