Msomaji wa Kwanza wa Filamu Zetu

Kabla filamu zetu nyingi za kujitegemea hazijaanza, skrini hupitiwa na nembo. Moja ya Rotterdam, moja ya Berlin, moja ya Doha, nyingine ya wizara fulani ya nchi za baridi. Ukumbini watu huutumia muda huo kuzima simu na kufungua bisi. Mimi nadhani uhakiki ungeanzia hapo, kwa sababu nembo hizo ni orodha ya wasomaji. Nyuma ya kila moja wapo watu walioisoma hadithi ikiwa bado kurasa chache, wakaamua kwamba itengenezwe.

Tunaziita filamu za kujitegemea. Kwa mtu aliyesoma Tanzania neno hilo lina uzito wake, maana tumelikuta kwenye Azimio la Arusha na kwenye Elimu ya Kujitegemea ya Nyerere, yote ya mwaka 1967. Lakini filamu "ya kujitegemea" ya Afrika Mashariki mara nyingi hutegemea nchi nne au tano. *Vuta N'kuvute* ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi na kuonyeshwa Toronto mwaka 2021, imesajiliwa kama kazi ya Tanzania, Afrika Kusini, Ujerumani na Qatar. Hadithi yenyewe ni ya Wazanzibari wanaotaka kujiondoa kwenye mikono ya Mwingereza.

Si kejeli ninayotaka kuifanya hapa, kwani jambo hili ni la kale kama sinema ya Afrika yenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Wizara ya Ushirikiano ya Ufaransa ilikuwa na ofisi ya kusaidia sinema katika makoloni yake ya zamani. Ousmane Sembène aliipelekea mswada wa *La Noire de...*, kisa cha msichana wa Dakar anayechukuliwa kwenda kufanya kazi za ndani Ufaransa na kufa huko. Ofisi ilikataa kuutolea fedha. Filamu ilipokwisha kutengenezwa mwaka 1966, ofisi hiyohiyo ikanunua haki za kuisambaza. Miaka miwili baadaye *Mandabi* ilipata fedha za Ufaransa, na Sembène akalazimika kuipiga mara mbili, kwa Kiwolof na kwa Kifaransa. Waigizaji walewale, mitaa ileile, maneno yaliyosemwa mara ya pili kwa ajili ya mwenye fedha.

Siku hizi hakuna anayedai matoleo mawili. Toleo la pili limehamia kwenye andiko.

Andiko la kuomba ruzuku ni aina ya fasihi, ingawa hatuifundishi darasani. Lina muhtasari wa aya moja, muhtasari mrefu, tamko la mwongozaji, bajeti na mpango wa kuwafikia watazamaji. Lina maswali yake ya kudumu: kwa nini hadithi hii, kwa nini sasa, kwa nini wewe? Mifuko mingine hutoa fedha za kuandika tu. Hubert Bals, mfuko wa tamasha la Rotterdam ulioanzishwa mwaka 1988, umekuwa ukitoa euro 10,000 kwa hatua hiyo. Mingine inataka uje na mwenyeji: Mfuko wa Sinema za Dunia wa Berlin, ulioanza mwaka 2004, unahitaji mshirika wa Ujerumani. Mwongozaji wa Dar hukusanya vipande hivi nchi kwa nchi, kwa miaka, na katika kila mlango anaisimulia upya hadithi yake kwa Kiingereza au Kifaransa.

Katika kusimulia huko ndimo mambo yanapobadilika. Mwanafunzi mwenzangu alikuwa akiandika andiko la filamu fupi kuhusu kungwi wa Tanga ambaye hana tena wasichana wa kuwafunda. Kwa Kiswahili sentensi hiyo imejitosheleza, na mtu akiisikia tayari anamwona mama huyo na kanga zake. Kwa Kiingereza ilibidi aeleze kungwi ni nani na unyago ni nini, na maelezo yakala nusu ya aya. Waliomsomea rasimu wakauliza: na haki za wasichana je? Swali halikuwa baya. Ila hadithi yake ilikuwa ya mwanamke mzee aliyepoteza kazi na heshima iliyokwenda nayo. Rasimu ya nne ilikuwa na msichana anayetoroka usiku. Kungwi alibaki, lakini pembeni. Hakuna mfadhili aliyeamuru lolote, maana andiko lilikuwa bado halijatumwa. Yeye mwenyewe alikwisha kumkisia msomaji wake.

Kukisia huko ndiko kunakonisumbua kuliko masharti yaliyoandikwa. Sharti lililoandikwa unaweza kulipinga. Kisio hulioni, kwa sababu linavaa sura ya wazo lako.

Jibu rahisi lingekuwa kusema basi tuachane na fedha za nje. *Rafiki* ya Wanuri Kahiu inalikataa jibu hilo. Ilipata washirika kutoka nchi kadhaa, ikaonyeshwa Cannes mwaka 2018, na wakati huohuo bodi ya filamu ya Kenya ikaipiga marufuku kwa sababu inahusu mapenzi ya wasichana wawili. Mwezi Septemba mahakama ilipoisimamisha marufuku hiyo kwa siku saba, watu walijaza ukumbi Nairobi. Watazamaji walikuwepo hapahapa nyumbani. Aliyekosekana ni mtu wa nyumbani wa kuitolea fedha na kusimama nayo, na hapo msomaji wa mbali aliona walichokikataa wa karibu.

Wala soko letu halikosi msomaji wake wa kwanza. Enzi za DVD, filamu za Bongo zilisomwa na msambazaji wa Kariakoo. Yeye hakuhitaji tamko la mwongozaji. Alitaka kujua nani atakaa kwenye kava, na kama hadithi itanyooka kiasi cha kuuzwa sehemu ya kwanza na ya pili. Uso wa Steven Kanumba, hadi alipofariki mwaka 2012, ulikuwa andiko tosha. Mtayarishaji alipokea malipo ya mkupuo na haki zikaondoka. Vile visa vilivyovutwa hadi vikachosha tusiviweke vyote kwenye ukosefu wa vipaji. Viliandikwa kwa ajili ya msomaji aliyenunua kwa urefu.

Kampala wamejaribu njia ya tatu. Isaac Nabwana wa Wakaliga alitengeneza *Who Killed Captain Alex?* mwaka 2010 kwa fedha inayosemekana haikufika dola 200, na nakala zake zikauzwa mkononi, nyumba kwa nyumba. Mwaka 2015 kundi lake liliomba dola 160 kwa mchango wa mtandaoni na likapata zaidi ya dola 13,000. Inafurahisha, lakini tazama waliochanga: wengi ni wapenzi wa mbali waliokwisha kuipenda video iliyoenea intaneti. Hata mchango wa umma una umma wake.

Filamu iliyonifikirisha zaidi juu ya haya yote haizungumzii ruzuku. *Supa Modo* ya Likarion Wainaina, ya mwaka 2018, ilitoka kwenye mpango wa One Fine Day Films, unaowaweka wataalamu wa Ujerumani pamoja na wasanii wa Kenya na ambao umeungwa mkono na serikali ya Ujerumani. Filamu za mwanzo za mpango huo zilikaa karibu na yale ambayo mgeni huyatarajia Kenya: Kibera katika *Soul Boy*, ujambazi katika *Nairobi Half Life*, ghasia za baada ya uchaguzi katika *Something Necessary*. Nyingine kati yake ni nzuri sana, na *Nairobi Half Life* Wakenya waliipokea kama yao. Kisha akaja Jo, mtoto mgonjwa asiye na muda mrefu wa kuishi, anayetaka kuwa shujaa wa sinema. Kijiji kizima kinaamua kumtengenezea filamu. Vifaa vinaokotezwa, majirani wanageuka waigizaji, na hakuna anayeuliza kwa nini hadithi hii, kwa nini sasa. Wanamjua mtoto na wanajua muda uliobaki.

Kwa hiyo filamu iliyolipiwa na Ujerumani imetuonyesha picha ya filamu inayolipiwa na jirani. Sioni unafiki hapo. Naona mwongozaji aliyejua alichokosa.

Hatuwezi kuendesha tasnia kwa upendo wa kijiji, lakini kuna hatua katikati. Docubox ya Nairobi, iliyoanzishwa na Judy Kibinge, hutafuta fedha nje kisha huziachia mikononi mwa watu wa hapa wanaozijua hadithi. Miongoni mwa kazi ilizozisaidia ni *The Letter* ya mwaka 2019, kuhusu bibi wa pwani ya Kenya anayetuhumiwa uchawi na ndugu wanaoikodolea macho ardhi yake. Kwa msomaji wa mbali neno uchawi lingetosha kuijaza filamu nzima. Hii imekaa na bibi mwenyewe, shamba lake na nyimbo zake.

Tanzania tunao Mfuko wa Utamaduni na Sanaa, na ni jambo jema. Lakini unachotoa zaidi ni mikopo, na mkopo nao ni msomaji mwenye swali lake: utarudisha lini? Filamu ya kwanza ya kijana mara chache ina jibu la swali hilo. Tungehitaji pia ruzuku ndogo, milioni chache tu za kuandika mswada, zenye kamati inayosoma Kiswahili, ili mtu aweze kuandika neno kungwi bila kulitafsiri na aulizwe maswali magumu kuhusu kungwi huyo. Fedha za Berlin na Doha ziendelee kuja. Zikifika, zikute mswada uliokwisha kusomwa nyumbani.